Utani Usio na Jibu: Makabila Yetu katika Vichekesho vya Televisheni

Mada ya leo ni vichekesho vya televisheni na namna vinavyowachora watu wa makabila yetu. Wapo watakaoiona ni mada nyepesi kwa mkutano wa watu wazima, hasa hapa Myamba, katika milima ya Upare wilayani Same, ambako kila nyumba ina bei ya tangawizi, barabara ya kuteremshia mazao na ada za watoto za kufikiria. Mimi naiona ni nzito. Kichekesho huingia nyumbani saa ya chakula cha jioni, watoto wakiwa macho, na hakuna anayekisikiliza kwa tahadhari ile anayoitumia kusikiliza hotuba ya mgombea. Kinachosemwa humo kinakaa. Mtoto wa Mtwara ambaye hajawahi kukanyaga Same anajua tayari kwamba Mpare ni bahili, na kwamba akikosana na jirani kwa ajili ya kuku atauza ng'ombe ili ashinde kesi. Hakufundishwa hilo darasani. Alilicheka, na alipolicheka akalihifadhi.

Nitatetea hoja moja tu. Kosa la vichekesho vyetu si kuyataja makabila, wala si kuyatania. Kosa ni kwamba vimeuchukua utani, ambao kwetu ni mila ya watu wawili wanaojibizana, vikaufanya wa upande mmoja. Anayetaniwa amenyang'anywa zamu yake ya kujibu. Kila kasoro nyingine tunayoilalamikia, iwe lafudhi ya kubandika, mlinzi mjinga, msichana wa kazi asiye na akili au mfanyabiashara mwenye tamaa, ni tawi la kasoro hiyo. Na kama hivyo ndivyo, dawa yake haipatikani kwa kukataza. Inapatikana kwa kurudisha jibu.

Tuanze na utani wenyewe, kwa sababu ndio unaotumiwa kama ngao kila mara mtu anapolalamika. Utani wa makabila katika nchi hii umeandikwa na wataalamu kwa muda mrefu. Miongoni mwa waliotangulia ni Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, jirani zetu hapa. Katika miaka ya 1940 alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika. Yeye na waliomfuata walionyesha kwamba utani uliota mahali pawili hasa: kati ya makabila yaliyowahi kupigana, na kati ya makabila yaliyokutana njiani katika misafara ya biashara ya karne ya 19, kama Wanyamwezi na Wazaramo. Walionyesha pia jambo ambalo watunzi wa vichekesho hulisahau. Utani ulikuja na wajibu. Mtani aliyekutukana mchana ndiye aliyefika msibani kwako, akachimba kaburi, akahudumia waombolezaji, na katikati ya kilio akapata ruhusa ya kuwachekesha wafiwa. Alikutania kwa sababu alikuwa na deni kwako, na wewe ulikuwa na deni kwake. Juu ya yote, wewe ulikuwa na haki ileile. Alichokuambia leo ulimrudishia kesho, na aliyekasirika ndiye aliyeonekana mshamba.

Utani huo ungali hai. Mchaga na Mpare wakikutana stendi ya Same, mmoja atasema habari ya makande na ubahili, mwenzake atasema habari ya pesa, na mizani itabaki sawa. Simba na Yanga, timu zilizoanza katika miaka ya 1930, zimeishi kwa utani wa namna hiyo mpaka leo. Yanga akifungwa Jumamosi anajua atachekwa, na anajua pia kwamba siku ya Simba kufungwa haiko mbali. Hakuna anayeumia kwa kudumu, kwa sababu hakuna anayechekwa daima. Hilo ndilo sharti la utani: zamu.

Sasa tazama kinachotokea utani unapopandishwa kwenye skrini. Chukua onyesho moja la kawaida, la aina ambayo kila mtazamaji ameiona. Geti linagongwa. Mlinzi wa Kimasai, shuka begani na rungu mkononi, anamhoji mgeni kwa Kiswahili kilichopinda, ngeli zote zimechanganyika na kila kitu kwake ni "hii". Mgeni anamdanganya, mlinzi anaamini, mgeni anapita, kicheko kilichorekodiwa kinapigwa. Bosi anatoka ndani anafoka. Mlinzi anajitetea kwa kosa jingine la lugha. Kicheko kinapigwa tena. Basi, limekwisha. Katika dakika hizo chache mlinzi hakushinda hata mara moja. Hatukujua ana mke au hana, analala wapi, anatuma nini nyumbani. Hatukumsikia akizungumza Kimaasai na nduguye kwenye simu, mahali ambapo ngeli za Kiswahili zisingemsumbua, na ambapo huenda yeye ndiye angekuwa mcheshi. Na Mmasai anayelitazama onyesho hilo kwenye kibanda cha kuonyeshea video hana pa kulijibia. Mtani wake hayupo mbele yake. Yuko studio, Dar es Salaam, na wiki ijayo atarudi na rungu lilelile.

Mlinzi huyo ana wenzake wengi. Yuko Mhaya mwenye majivuno na Kiingereza, Msukuma aliyeingia mjini jana, Mkurya anayetatua kila jambo kwa panga, Mgogo ombaomba, Mchaga anayeweza kumwuza mamaye, Mhindi wa dukani, na Mpare wetu anayehesabu punje za maharage. Mara nyingine mhusika hana hata jina lake. Jina la kabila ndilo jina lake. Katika Mizengwe ya ITV, mmoja wa wahusika waliopendwa sana aliitwa Mkwere, na watazamaji wake walimjua hivyo tu. Msanii aliyemcheza ana kipaji kikubwa, na silaumu kipaji. Ninasema tu kwamba kabila zima la Pwani limefahamika kwa watazamaji wengi wa bara kupitia mtu mmoja wa kubuni. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, tunasema. Nasi tumeigeuza methali hiyo kuwa kanuni ya kutunga wahusika.

Ipo sababu ya kihistoria inayofanya jambo hili liwe na uzito zaidi Tanzania kuliko mahali pengi. Sensa ya mwisho kuuliza kabila la mtu katika nchi hii ilikuwa ya 1967. Tangu hapo serikali imechagua, kwa nia njema kabisa, kutotaja kabila katika takwimu zake, na vyombo vya habari vimefuata desturi hiyo. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, takriban miaka 20 baada ya Zanzibar kuwa na ya kwake, iliingia katika nchi iliyojifunza kunyamaza kuhusu makabila. Ninaiheshimu hekima ya ukimya huo. Lakini matokeo yake ni kwamba mchekeshaji amebaki karibu peke yake kulitaja kabila hadharani. Taarifa ya habari hailitaji, kitabu cha kiada kinalipitia juu juu, tamthilia za mapenzi za Dar es Salaam hazilitaji. Kwa hiyo mtoto anayetaka kujua Wapare ni watu gani hapati picha kumi za kulinganisha. Anapata moja, ile ya kuchekesha.

Kenya inatupa ushahidi mwingine, wa kina zaidi, kwa sababu vichekesho vyao vya televisheni ni vya zamani kuliko vyetu. Vitimbi, iliyorushwa kwa miongo kadhaa na shirika la utangazaji la taifa, iliwafanya Mzee Ojwang' na Mama Kayai kuwa wanandoa wa Kijaluo mashuhuri kuliko wote Afrika Mashariki. Mzee Ojwang' alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015. Mama Kayai ni Mary Khavere, Mluhya. Nyumba ya Kijaluo iliyoingia sebuleni mwa kila Mkenya iliundwa na watu wawili ambao si Wajaluo. Tukio hilo lina pande mbili, na ni haki kuzitaja zote. Upande mmoja unatia moyo. Wanjau alimcheza Ojwang' kwa muda mrefu mno, na kwa upendo mwingi, hata mhusika akaizidi lafudhi yake. Akawa baba mwenye kiburi, mwoga mbele ya mkewe, mwepesi wa kudanganywa na mwepesi wa kusamehe. Na alipofariki alililiwa na nchi nzima. Upande wa pili unafikirisha. Kama lafudhi inaweza kuvaliwa na mtu yeyote kama koti, basi haikuwa ushuhuda wa jinsi Wajaluo walivyo. Ilikuwa ushuhuda wa jinsi wengine wanavyowasikia. Mambo hayo mawili hayalingani, na televisheni huyachanganya kila siku.

Hapa napata pingamizi la kwanza, na ndilo lenye nguvu kuliko yote: watu hucheka kwa sababu ni kweli. Wapare wanapenda kesi, walinzi wengi ni Wamasai, ombaomba wengi walitoka Ugogo. Mchekeshaji anaonyesha tu anachokiona. Silikatai moja kwa moja. Mara nyingi ipo chembe ya jambo lililotokea. Lakini kichekesho hulichukua jambo lililowapata watu katika historia, kikalikata sababu zake, kikaligeuza tabia ya kuzaliwa nayo.

Tuchukue kesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 watu wa milima hii walitozwa kodi mpya ya makadirio, iliyoitwa Mbiru, ambapo mali ya kila mtu ilipimwa na wakubwa wa mamlaka ya wenyeji kisha akaambiwa alipe kiasi gani. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeiandikia nchi hii historia ya Wapare, aliisimulia habari hiyo katika kitabu chake cha 1971 kinachobeba jina la kodi hiyo. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka mpaka Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Hawakuchoma ofisi. Hawakukataa kulipa kodi kwa jumla. Walikataa kupimwa mali kwa njia waliyoiona ya uonevu. Walikaa, wakaandika malalamiko, wakajenga hoja, wakasubiri, na shauri likavuka mwaka. Wanawake wa Usangi, waliobaki na mashamba na watoto, nao walikwenda kwa miguu mpaka Same. Imeandikwa kwamba walimtaka Bwana Shauri, ofisa wa kikoloni wa wilaya, achague: ama amalize jambo waume warudi majumbani, ama awape mimba wote yeye mwenyewe. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Sidai kwamba sifa ya Wapare kupenda kesi ilizaliwa na Mbiru peke yake. Ninachosema ni kwamba watu walioishinda serikali ya kikoloni kwa uvumilivu wa kudai haki kwa hoja wamechorwa kwenye skrini kama watu wasiojua tofauti ya kuku na ng'ombe. Na tazameni utani wa wale mama wa Usangi ulikoelekezwa. Ulielekezwa kwa mwenye mamlaka, ana kwa ana, naye alikuwa na kila nafasi ya kujibu.

Ubahili nao una jiografia. Upande wa magharibi wa milima yetu uko katika kivuli cha mvua, na tambarare ya Same ni kame. Wazee walijenga ndiva, mabwawa ya kukusanya maji usiku na kuyagawa mashambani kwa zamu mchana, na kila mwenye shamba alijua zamu yake na kazi anayodaiwa katika kulisafisha bwawa. Jamii iliyoishi kwa kugawana maji kwa kipimo hujifunza kuhesabu. Mtu anayehesabu ili kila mmoja apate si bahili, bali ndiye anayefanya ugawaji uwezekane. Vivyo hivyo kwa wengine. Ugogo ulipitia njaa ya Mtunya kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua chakula, mifugo na wapagazi. Umaskini uliofuata haukutokana na hulka ya mtu. Na Mmasai wa getini? Hapa chini ya milima yetu iko Mkomazi, iliyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1951, na ambako wafugaji waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Malisho yakipungua, mifugo hupungua. Mifugo ikipungua, vijana huenda mjini, na mjini hupewa kazi ile ambayo mwajiri tayari anaamini wanaifaa. Mchekeshaji anaianzia hadithi getini. Hadithi ilianzia mbali zaidi.

Pingamizi la pili linasema: tumetaniana miaka yote na nchi ina amani, kwa nini tutafute tatizo pasipo na tatizo? Ni kweli nchi ina amani kati ya makabila zaidi ya 120, na ni haki tujivunie. Lakini tuwe waaminifu kuhusu kilichoijenga amani hiyo. Ilijengwa na Kiswahili kilichofika kila shule, shule za bweni zilizochanganya watoto wa mikoa mbalimbali, Jeshi la Kujenga Taifa, watumishi waliopangiwa kazi mbali na kwao, na ndoa zilizofuata. Katika yote hayo watu walikutana, wakajuana, wakajibizana. Utani ulistawi juu ya kujuana huko. Televisheni inarithi utani bila kurithi kujuana. Kijana anayemjua Mpare kwa kichekesho tu, siku moja atakuwa ofisa wa mikopo, mwajiri, hakimu au mkwe. Hatachukia. Atakuwa ameamua tu kabla ya kusikiliza. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe huwa hauonekani mpaka mtu abonyeze.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wasanii wenyewe, na linastahili jibu la heshima. Wanasema: kichekesho hakiwezi kuishi bila wahusika waliotiwa chumvi, na tukimchora mbaguzi, tunamcheka mbaguzi, si anayebaguliwa. Nakubali nusu. Kutia chumvi ni halali, na tangu enzi za Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania tumecheka wajanja na wazembe bila kuuliza kabila lao. Ubahili ni mada nzuri ya kichekesho; uovu wake huanza pale bahili anapolazimika kuwa Mpare. Kuhusu kumcheka mbaguzi, Marekani walilijaribu jambo hilo mbele ya nchi nzima. Mwaka 1971 walianza kurusha All in the Family, kuhusu baba mmoja, Archie Bunker, aliyejaa chuki kwa Weusi, Wayahudi na wageni. Mtunzi alitaka watazamaji waicheke chuki hiyo. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa watazamaji wa Marekani na Kanada, wakakuta kwamba waliokuwa na ubaguzi mwingi walimpenda Archie na waliona kwamba ndiye anayesema kweli. Kichekesho kilekile kilimpa kila mtu alichokuja nacho. Nia ya mtunzi haitoshi. Kinachohitajika ni kwamba yule anayesemwa awe na nguvu ndani ya hadithi yenyewe, ili mtazamaji mbaguzi asiweze kumruka.

Mfano wa jinsi hilo linavyowezekana tunao jirani. Mwaka 2007 Citizen TV ya Kenya ilianza kurusha Papa Shirandula. Picha ya Mluhya kuwa mlinzi ilikuwa imechakaa Kenya kama ya Mmasai ilivyochakaa kwetu. Charles Bukeko, mwenyeji wa Busia aliyeibuni na kuiongoza kazi hiyo mpaka alipofariki Julai 2020, hakuikwepa picha hiyo. Aliichukua, akaingia ndani yake. Papa ni mlinzi, lakini mkewe hajui. Nyumbani anajifanya mtu wa ofisi. Swali la kichekesho likabadilika palepale. Halikuwa tena kwa nini mlinzi huyu ni mjinga. Likawa: kwa nini mtu mwenye kazi halali aione aibu, na ni nani aliyemfundisha aibu hiyo? Mtazamaji hucheka hila zake, na wakati huohuo anaogopa asije akagunduliwa. Mlinzi amepata nyumba, mke, siri na hofu. Amepata jibu. Na halikuwa jambo la bahati kwamba aliyelitunga alitoka magharibi ya Kenya mwenyewe. Linganisha na Amos 'n' Andy ya Marekani, iliyoanza redioni mwaka 1928 ambapo Wazungu wawili waliigiza sauti za watu Weusi. Ilipohamia televisheni mwaka 1951 iliwatumia waigizaji Weusi, lakini mzaha ulibaki uleule, na chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kikaendelea kuipinga hadi utayarishaji wake ukasimama mwaka 1953. Kumweka mwenye kabila mbele ya kamera hakutoshi ikiwa kalamu imebaki mkononi mwa mwingine.

Wapo watakaohitimisha: basi, kabila lisitajwe kabisa, wahusika wote wazungumze Kiswahili cha Dar es Salaam, waishi katika nyumba nzuri, yaishe. Hilo nalo silikubali. Watafiti Sut Jhally na Justin Lewis walichunguza watazamaji wa The Cosby Show, kichekesho kilichoonyesha familia ya Weusi, baba daktari na mama mwanasheria. Katika kitabu chao cha 1992 walieleza kwamba watazamaji wengi Weupe waliifurahia familia hiyo, kisha wakaitumia kujiaminisha kwamba ubaguzi umekwisha na kwamba maskini ni wa kujitakia. Picha safi mno inaweza kudanganya kama picha chafu. Kwetu, kumfuta Mpare kwenye skrini hakutamwondolea sifa ya ubahili. Kutaiacha sifa hiyo ilivyo, bila wa kuipinga. Tena kutawafundisha watoto wa Myamba kwamba namna bibi zao wanavyozungumza ni kitu cha kuficha wakifika mjini. Wingi wa makabila yetu ni mali ya mcheshi kuliko mtu yeyote. Asinyimwe; afundishwe kuitumia.

Na wapo watakaotaka sheria. Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 zilizoua zaidi ya watu 1,100, ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008 na kuunda tume ya kuisimamia. Maneno ya chuki yanahitaji sheria, na siipingi. Lakini kichekesho kibovu si jinai, na serikali ikipewa kalamu ya kukata mizaha, mzaha wa kwanza kukatwa hautakuwa wa mlinzi wa getini. Oktoba 2019 msanii Idris Sultan alihojiwa na polisi hapa kwetu baada ya kuweka mtandaoni picha iliyobadilishana sura yake na ya Rais wa wakati huo. Sijasikia mtu aliyehojiwa kwa kumcheka Mmasai. Hapo unaona mizani yetu ilivyolala: mkubwa analindwa dhidi ya mzaha, mdogo anaachiwa. Mila ya utani ilitaka kinyume chake. Siku ya utani mnyonge aliruhusiwa kumwambia mwenye nguvu jambo ambalo siku nyingine lingemgharimu.

Kipimo hiki cha jibu hakiishii kwenye kabila. Kipeleke kwa msichana wa kazi, ambaye katika vichekesho vingi hupasua vyombo, hupika chakula kibichi na hurubuniwa na baba mwenye nyumba huku sisi tukicheka. Wasichana hao ni binti zetu. Wametoka vijijini kama hiki. Ni lini tulimwona mmoja akiandika barua, akiudai mshahara wake, au akiwacheka waajiri wake akiwa na wenzake kwenye foleni ya maji? Kipeleke kwa mwenye ulemavu, kwa mwenye kigugumizi, kwa mwenye ualbino. Swali ni lilelile: je, katika hadithi hii naye ana zamu?

Basi tufanye nini? Kwa watunzi, naomba maswali matatu kabla ya kurekodi. Je, mhusika huyu ana jambo analolitaka, tofauti na kuchekwa? Je, yupo walau mmoja mwingine wa kabila lake katika hadithi, mwenye tabia tofauti? Je, kuna mahali anapomshinda aliyemcheka? Kwa wenye vituo, nasema watafute waandishi nje ya Dar es Salaam, na wasiogope mhusika azungumze lugha ya kwao kwa dakika moja, tafsiri ya Kiswahili ikipita chini ya skrini. Kichasu, lugha ya Wapare, kina mizaha ambayo Kiswahili hakijawahi kuisikia. Kwa walimu, kipindi cha maigizo shuleni kisipite bila mwanafunzi kuulizwa kwa nini amempa mjinga wake lafudhi ile. Kwa wazazi, siwaombi mzime televisheni. Mkiona onyesho la namna ile, waambieni watoto kwa sauti habari ambayo onyesho limeiacha. Simulizi ya Mbiru inaweza kusimuliwa katika muda wa matangazo ya biashara.

Na ninyi vijana, mna kitu ambacho kizazi cha Mzee Ojwang' hakikuwa nacho. Zamani jibu lilihitaji studio. Leo lahitaji simu na mtandao, na vichekesho vifupi vinavyotazamwa nchi nzima vinarekodiwa uani. Hatari ni kwamba mtarekodi mlichofundishwa: Mmasai wa rungu, Mgogo wa bakuli. Mtakuwa mmelitwisha kabila jingine deni ambalo halikudaiwa. Andikeni mnachokijua: mkutano wa kugawana zamu za maji, dalali wa tangawizi na mama asiyekubali bei yake, mzee anayeandika barua ya tano kwa ofisa yuleyule mpaka ofisa anamwogopa. Mwacheni Mpare wenu awe anapenda kesi, mkipenda, lakini mtwambie kesi yenyewe ilihusu nini, na mwacheni ashinde au ashindwe kama mtu. Mkimtania jirani, mtanieni mkijua kwamba video yake itakuja, na ikija ichekeni kwa furaha. Utani wa namna hiyo tuliurithi, unatufaa, na hatuna sababu ya kuuacha mikononi mwa wanaoujua nusu.